Siku Niliyotoa Makochi Nje

Jamani, kuna watu wakiaibika, aibu yao inakaa wiki moja halafu mtaa unapata aibu nyingine ya kusema, basi wanapumzika. Yangu mimi imeingia mwaka wa pili, na hapa Bwaise ukiuliza nyumba ya Rajabu, yule anayeuza spea za pikipiki Nakawa, hakuna atakayekuelekeza kwa spea, watakuambia, "Ah, yule aliyemzika bibi yake akiwa hai?" (Sikumzika. Nitawaeleza nilichozika, msiwe na haraka.) Nimekataa kuisimulia mara nyingi, lakini leo mmenikalisha na chai mmenipa, basi acha niseme mwenyewe, maana hayo mnayoyasikia barabarani yametiwa chumvi, na hata bila chumvi yanatosha kunifanya nipite njia za nyuma.

Bibi yangu mzaa mama jina lake Zaituni, lakini sisi nyumbani na nusu ya mtaa tulimwita Haboba, ndivyo sisi Wanubi tunavyowaita bibi zetu. Nyumba aliijenga baba yake, Mzee Abdallah, askari wa Mwingereza, mpiga tarumbeta, aliporudi kutoka ile vita kubwa, akachoma matofali mwenyewe hapo hapo uani. Ina baraza yenye nguzo za mbao, madirisha ya mbao ya kufungua huku na huku, mabati mazito ya zamani ambayo mvua ikinyesha hamsikilizani, na imekaa juu kidogo, kwa hiyo mafuriko ya Bwaise yakija yanafika ngazi ya pili yanarudi (isipokuwa mara moja yalipita nyuma yakaangusha ukuta wa jikoni, nikaujenga upya kwa matofali ya saruji, ukumbukeni huo ukuta). Lakini kitu chenyewe hasa kiko sebuleni. Sakafu ni ya saruji nyekundu, na siku Mzee Abdallah alipoimwaga, kabla haijakauka, alitoa kifungo cha shaba cha koti lake la jeshi akakikandamiza pale mlangoni, kisha akatoa vingine kwenye kitambaa, vya wenzake ambao hawakurudi, akavipanga kuzunguka chumba kizima, kimoja kimoja, vyote ishirini na tatu. Haboba alikuwa mtoto, alishika kitambaa. Kila kifungo alijua jina la mwenyewe.

Sasa, mbele ya nyumba kuna vyumba viwili tumepangisha, kimoja saluni, kingine fundi simu, na kwa ajili ya vyumba hivyo viwili jiji linatutoza kodi ya majengo utadhani tuna ghorofa. Kila mwaka kodi ikija, na mjomba wangu Isa, mtoto wa mwisho wa Haboba, anakuja na wimbo wake: mama tuuze, kuna mtu anataka kiwanja ajenge maduka. Na Haboba anamjibu kwa upole, "Isa, ngoja nife kwanza. Nilikulia humu, nitatoka humu nimebebwa." Basi tukasikia jiji limeanza mpango wake: mwenye nyumba ya zamani akiitunza kama ilivyojengwa, asiibomoe wala asiibadilishe sura, anapunguziwa kodi sehemu kubwa. Nikajaza fomu kwa jina la Haboba, nikabandika picha yake, nikapeleka. Mjomba Isa akaniambia mbele ya watu, "Sawa, jaribu. Wakikataa, tunauza, na nisisikie neno." Nikamjibu, "Kale, sawa, mjomba." Nilimjibu kwa kiburi kabisa, kama mtu aliyekwisha kushinda.

Siku moja simu ikalia. Madam Apio, mkaguzi wa ofisi ya jiji, mama wa Kaskazini mwenye sauti ya taratibu. "Ssebo, kesho saa nne sisi iko nakuja kuona nyumba. Tunataka kuona vitu ya zamani yenyewe. Na mwenye nyumba tuongee na yeye kidogo, kama iko na nguvu."

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu. Ule ukuta wa jikoni, wa matofali ya saruji, mimi kwenye fomu niliandika nyumba yote ni ya asili. Na Haboba hajui kusema uongo, ukimwuliza bei ya nyama atakutajia mpaka na mfupa ulikuwa mkubwa kiasi gani. Nikamwona kichwani mwangu anamshika mkono Madam Apio anampeleka moja kwa moja jikoni, "Huu ukuta mjukuu wangu kaujenga, mzuri eh?" Nikaona kodi inarudi, mjomba anacheka, katapila linaingia. Kwa hiyo nikamdanganya. Nilimwambia wageni wa jiji wanakuja keshokutwa, na kwamba kesho Salma, mpwa wake wa Mbuya, anamwomba aende kumwona, hajisikii vizuri.

Alinitazama. "Una hakika ni keshokutwa? Maana nyumba ni yangu, Rajabu, wageni ni wangu. Nataka niwasimulie mimi wale watu wa sakafuni."

"Keshokutwa, Haboba. Utawasimulia mpaka wachoke."

Asubuhi na mapema gari la kukodi likaja. Kulikuwa na manyunyu na baridi, na Haboba magoti yake yalikuwa yamemgomea, kwa hiyo mke wangu Amina akamfunika shuka jeupe kuanzia kichwani, mimi nikamshika mabega, Amina miguu, dereva akafungua mlango, tukamwingiza nyuma polepole, Amina akakaa naye, gari likaondoka. Sikujua kwamba jirani yetu Nalongo, yule mama wa mapacha anayeuza matoke, alikuwa anafagia upande wa pili wa barabara na ufagio ulikuwa umemsimama mkononi.

Haya, sasa ndio uamuzi mdogo ulioniletea yote haya. Nikaingia sebuleni nikaangalia. Makochi matatu makubwa, kabati la vyombo, na zulia, vyote vimekalia vifungo! Wakaguzi watakuja kuona kitu cha asili wakute makochi ya mafundi wa Katwe? Nikaita vijana wawili wa boda tukatoa kila kitu, makochi tukayapanga nje kwenye majani, kabati tukalisukuma barazani, zulia tukalikunja. Nikapiga sakafu nta mpaka vifungo vikang'aa. Kisha nikawaza wageni watakaa wapi, nikatoa mikeka ya stoo, nikaitandika sebuleni na barazani. Nikafungua milango yote miwili.

Najua mnachotaka kuniuliza. Ndiyo, nimezaliwa Kampala. Ndiyo, najua kwamba hapa kwetu makochi yakionekana nje asubuhi na mikeka imetandikwa ndani, maana yake ni moja tu, haina ya pili, awe Muislamu, awe Mkristo, nyumba hiyo imefiwa na wamepisha nafasi ya waombolezaji. Mimi mwenyewe nimebeba makochi ya watu kwenye misiba mpaka mgongo ukauma. Lakini nilikuwa nawaza kodi, na akili iliyobanwa na kodi haioni kochi. Nikaridhika na kazi yangu, nikaenda Kalerwe kununua soda na sambusa za wageni.

Yaliyotokea nyuma yangu nilisimuliwa. Nalongo alikuwa ameona mtu mzee amefunikwa shuka jeupe akiingizwa garini, akasema moyoni, Haboba amezidiwa, wanakimbilia hospitali. Ilipofika saa tatu akaona makochi. Alitupa ufagio. "Banange! Haboba ametuacha! Haboba wangu, nani itanipa dawa ya watoto, bambi!" Mtaa mzima ukatoka. Mtu akakimbia msikitini kwa Sheikh Musa, na nyinyi mnajua sisi Waislamu hatuchelewi na maiti, aliyekufa asubuhi adhuhuri anaswaliwa, kwa hiyo Sheikh naye hakupoteza muda, akawasha spika akatangaza, akawatuma watu makaburini na majembe.

Mimi Kalerwe nilisikia hilo tangazo. Niliposikia Inna lillahi nikaweka mfuko wa sambusa chini, nikainua mikono nikamwombea marehemu, sikulisikia jina kwa sababu ya mashine ya kusaga pale jirani, nikapangusa uso, nikamwambia muuzaji aongeze pilipili. Nilimwombea bibi yangu mwenyewe nikichagua sambusa.

Niliporudi nikakuta watu wamejaa mpaka barabarani. Wanaume wamekaa kwenye makochi yangu wameinamisha vichwa, wanawake wako ndani kwenye mikeka, na kabla sijauliza Nalongo akanirukia shingoni, "Rajabu, pole, pole mwanangu, mama yetu ametuacha!" Kreti ya soda ikaanguka. Na mimi, jamani, niliamini. Nilijua nimempeleka Mbuya mzima, lakini nikasema basi amefia huko na hawa wamepata habari kabla yangu, na amekufa akijua nimemdanganya. Nililia. Nililia kwa sauti, mbele ya wote, mtu mzima na ndevu zangu. Namba ya Amina ilikuwa haipatikani, kila mtu alikuwa anampigia. Nikaendelea kupiga na huku nalia, mpaka ikapokelewa.

"Amina, amekufa saa ngapi?"

"Nani?"

"Haboba!"

"Haboba anakunywa uji hapa. Rajabu, huko kuna nini? Watu wananipigia wananipa pole."

Furaha niliyoipata ilikaa pumzi moja tu, kwa sababu nilipoinua kichwa niliwaona wawili wenye vitambulisho vya jiji shingoni wanaingia uani, na wa mbele ni mama mrefu amevua kofia ya jua ameishika kifuani. Madam Apio akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ssebo, pole sana. Sisi hatukujua. Hatuwezi kukusumbua na msiba. Tutaona tu hii sakafu na huku mbele, huko nyuma hatuendi, watu iko nalia."

Huko nyuma hatuendi. Mlisikia? Ukuta wangu wa jikoni ulikuwa umeokoka. Nilikuwa na simu mkononi bado ina joto la sauti ya Amina, nilikuwa najua kwa yakini kwamba Haboba anakunywa uji, na ningesema neno moja tu mambo yangeishia kwenye kicheko. Nikafungua mdomo nikasema, "Asante, Madam."

Nilipanga kusema ukweli wakishaondoka. Dakika kumi tu. Wakaingia sebuleni, wanawake wakasogeza miguu, kijana wa Madam Apio akawa anapiga picha vifungo kati ya waombolezaji, na Madam akainama akakigusa kile cha mlangoni kwa kidole, taratibu, nikaona ameguswa kweli. "Hii yote iko ya nani?"

"Ya askari. Wenzake babu, hawakurudi kutoka vitani."

"Majina?"

Nikajikuta sijui. Nimekulia kwenye sakafu hiyo, nimetambaa juu yake, na sijui. "Haboba ndiye alikuwa anajua," nikasema, na Madam akatikisa kichwa kwa huzuni, akaandika kwenye kompyuta kibao aliyokuwa nayo.

Basi hapo ndipo mjomba Isa alipofika, macho mekundu, nisimdhulumu, alilia kweli. Lakini hakuja peke yake. Alikuja na mtu mwenye viatu vya kung'aa ambaye hakumsalimia yeyote, akaanza kutembea pembeni mwa kiwanja hatua kwa hatua, midomo inahesabu. Na nyuma yao Sheikh Musa na watu wanne wamebeba jeneza la msikiti, sanda kwapani. "Rajabu, kaburi limekaribia kuwa tayari. Maiti iko wapi ioshwe?"

Watu wote wananiangalia. Madam Apio yuko hatua tatu. Nikasema, "Haboba yuko Mbuya." (Na huo haukuwa uongo!) Sheikh akawageuza watu wake, jeneza likapakiwa kwenye pikapu, likaenda Mbuya kumfuata bibi yangu.

Walipishana naye njiani. Huko Mbuya, Salma alikuwa amepokea simu ya mtu wa kumpa pole, akapiga ukelele, na Haboba akaweka kikombe chini akauliza, "Nani amekufa?" Amina ndiye aliyemwambia, "Wanasema wewe, Haboba." Akauliza wageni wa jiji wamefika lini, maana hakuwa mjinga. Kisha akasema apelekwe nyumbani.

Gari liliposimama pale mbele na mlango ukafunguka, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Nalongo, naye akakaa chini kwenye matope. Wanaume walisimama kwenye makochi. Watoto walikimbia. Haboba akashuka akimshikilia Amina, akapita katikati ya watu wake wote aliowazikia jamaa zao na kuwaozesha watoto, polepole, na fimbo yake, mpaka ngazi ya baraza, akauliza kwa sauti ambayo wote walisikia, "Nani amefariki nyumbani kwangu, mbona mimi sikuambiwa?"

Mtu mmoja tu uani alikuwa bado anatembea, yule wa viatu vya kung'aa, alikuwa amefika kwenye choo na hakutaka kupoteza hesabu. Haboba akamtazama, akamtazama Isa, akaelewa. Isa akaangalia chini. Mimi nilitamani sakafu inimeze pamoja na vifungo.

Akamwendea Madam Apio. "Karibu, mwanangu. Unisamehe sikukupokea, nilidanganywa siku. Njoo uone nyumba yote, na ule ukuta wa jikoni usihesabu, ule Rajabu kaujenga baada ya mafuriko."

"Nyabo, ukuta ya nyuma?" Madam Apio akashangaa. "Sisi hatuangalii ya nyuma. Kanuni inasema sura ya mbele, paa, na chumba kubwa. Hiyo ingine unajenga tu."

Nilisikia. Kila mtu alisikia. Ningeweza kumwachia Haboba akae kwenye kochi lake na shuka lake zuri, awapokee wageni wake, na tusingepoteza chochote.

Madam akanigeukia mimi, na ile sauti ya taratibu ilikuwa imeisha. "Ssebo, wewe ulisema asante. Mimi nimeandika mwenye nyumba amekufa, na nimeshatuma. Imeenda ofisini. Kwa nini uliniambia asante?" Akainama kwa Haboba, akapiga goti kabisa kama wanavyofanya watu wenye adabu, akamwuliza kuhusu vifungo. Haboba akaingia ndani na fimbo yake, akagusa cha mlangoni: "Huyu ni baba." Akasogea. "Huyu Marjani, alikuwa hodari wa kupika. Huyu Farajalla. Huyu Bilali, mdogo kuliko wote, mama yake alikuja hapa kila Idi akakaa karibu naye." Wanawake walikuwa wameacha mikeka wamesimama ukutani. Akanyoosha fimbo kwa cha tano, akasita, akamwona dirishani yule wa viatu anaondoka na Isa nyuma yake, akashusha fimbo. "Nimechoka. Hawa wengine nitawataja siku nyingine."

Madam Apio akaniambia kwamba faili likirekebishwa nilete na majina hayo yameandikwa. Nikasema nitaleta.

Lakini kulikuwa na lile kaburi. Limeshachimbwa, liko wazi, na wazee wetu wanasema kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu, litamtafuta mwenyewe. Sheikh Musa alisema yeye hana neno kama hilo katika vitabu. Haboba akamwambia, "Sheikh, vitabu ni vyako, kaburi ni langu." Akatoka uani, akachagua mgomba yeye mwenyewe, tukaukata, tukauweka kwenye lile lile jeneza lililotoka Mbuya tupu. Mimi na wale vijana wa boda tukaubeba mpaka makaburini, tukauteremsha, tukaufukia, na watu wamesimama kwenye ukuta wanapiga picha na simu. Hicho ndicho nilichozika. Niliporudi nimejaa udongo, nikamkuta kwenye kochi, bado liko nje, amekaa peke yake. Akasema, "Rajabu, mtu hapewi nafasi ya kuona msiba wake. Wewe umenipa. Nimeona nani analia na nani anapima." Hakusema zaidi, na mpaka leo sijui kama alinisamehe.

Tangu hapo nikawa mtu wa ofisi. Barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba yu hai. Barua ya zahanati kwamba yu hai. Picha ameshika gazeti. Halafu wakasema aje mwenyewe, nikampeleka mjini, tukapanda ngazi zile nikimbeba mgongoni, na karani wa dirishani akaangalia kompyuta akasema, "Nyabo, hapa wewe ulikufa." Haboba akamjibu, "Ndiyo maana magoti yananiuma hivi. Mpe marehemu kiti." Foleni nzima ilicheka, karani akacheka, mimi nilicheka pia. Wakatuambia tusubiri. Kila jioni nilikuwa narudi nimechoka, Haboba ananiambia, "Leta kalamu tuandike wale wa sakafuni," na mimi namwambia, "Kesho, Haboba, kwanza tumalize hili la kuwa hai." Nilimwambia hivyo mara nyingi sana.

Alikufa msimu wa mvua, asubuhi, kitandani kwake, ndani ya nyumba yake kama alivyotaka. Nilimfunga kidevu mwenyewe. Kisha nikafanya kinachofanywa, nikatoa makochi nje.

Vijana wa boda walikuwa wa kwanza kupita. Mmoja akapunguza mwendo akapiga kelele akicheka, "Ssebo Rajabu! Leo wageni wa jiji wanakuja saa ngapi?" Mwingine akaniuliza kama nataka mgomba. Watu walipita wakaangalia makochi wakatabasamu, wakaenda zao kazini. Nilikwenda msikitini, Sheikh Musa akaniangalia muda mrefu, "Umemwona kwa macho yako?" Nikasema nimemwona. "Umemgusa?" Nikasema nimemgusa. Akanifuata mpaka nyumbani akamgusa yeye mwenyewe ndipo akarudi kuwasha spika, na hata hivyo kuna waliosikia wakacheka. Nalongo alisimama upande wake wa barabara, amekunja mikono, hataki kudanganywa mara ya pili. Baadaye akavuka, akaingia, akafunua shuka miguuni tu. Safari hii hakupiga kelele. Alikaa chini akaishika ile miguu.

Yule bibi ambaye siku ya uongo alijaziwa uwanja mpaka barabarani, siku ya kweli tulimbeba watu sita, tukipokezana bila kupumzika, mvua inanyesha. Mjomba Isa hakuwepo. Nilimpigia, akasema, "Rajabu, mchezo huo umekwisha," akazima simu. Alifika kesho yake, tumeshazika, akakaa barazani akilia kwa namna ambayo sikuweza kumwangalia. Tangu siku hiyo hajataja kuuza. Haboba tumemlaza jirani na mgomba wake.

Baada ya arubaini barua ya jiji ikaja. Faili limerekebishwa, imethibitishwa kwamba mwenye nyumba, Bi Zaituni, yu hai, na kwa hiyo nyumba yake imekubaliwa kupunguziwa kodi kwa kuitunza, tafadhali aambatanishe majina ya askari walio sakafuni ili yaandikwe kwenye kumbukumbu. Niliisoma nimesimama. Nikaenda mjini na barua ya kifo, dirisha lile lile, karani yule yule. Akanitambua, akaanza kutabasamu, akaisoma, tabasamu likaondoka nusu. "Ssebo, si wewe ulileta makaratasi yote haya kwamba iko hai?"

"Alikuwa hai," nikamwambia. Akaangalia karatasi, akaniangalia mimi. Akasema nisubiri, watatuma mtu kuhakikisha.

Bado nasubiri. Nyumba ipo, katapila halijaja, na mimi nimeapa kwamba kochi langu halitatoka nje ya mlango ule tena kwa ajili ya mgeni yeyote, hata akija mkuu wa jiji mwenyewe. Siku ile nilihangaika kutoa nje kila kitu kilichofunika vile vifungo, na mtu pekee aliyevijua nikampeleka Mbuya. Viko ishirini na tatu. Mgeni akija nainua pembe ya zulia, namwonesha vile vinne, namtajia Mzee Abdallah, Marjani, Farajalla na Bilali aliyekuwa mdogo kuliko wote. Akiuliza cha tano, narudisha zulia.